Muulize Fundi: Hiyo 2 kwenye geji ni 2 ya nini?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kokpiti za ndege za zamani, zile za saa na mishale kabla ya skrini, nikadhani watu watapita zao. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kile kile, zile geji za injini pale katikati, hasa ile ya juu kabisa. Haya, tukae tuongee, nimechagua chache.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi, nina simuleta ya ndege kwenye kompyuta na juzi nimeshusha Boeing 737-200 ya zamani. Kokpiti yake imejaa saa kama duka la fundi saa. Katikati kuna safu mbili za geji, moja kwa kila injini, ya juu imeandikwa EPR. Kinachonichanganya ni kwamba injini zikiwa zimezimwa kabisa mshale unasoma 1, haurudi sifuri, halafu nikipaa unafika 2 na pointi kidogo. Sasa hiyo 2 ni 2 ya nini, tani? Na kwa nini wasingeandika tu nguvu ya injini kwa kilo tukaelewana? (Msomaji, Nyegezi, Mwanza)

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeona kitu ambacho wengi wanakipita, huo mshale kukaa kwenye 1 wakati injini imelala, na ukielewa hapo tu umeshaelewa geji nzima.

Anza na hili: hakuna geji kwenye ndege ya abiria inayopima msukumo wenyewe. Haipo. Msukumo unapimwa kiwandani au kwenye banda la majaribio, injini inafungwa kwenye fremu yenye mizani, inawashwa, inasukuma ile mizani, unasoma. Injini ya hiyo 737 yako, Pratt & Whitney JT8D, zile za aina ya 9A zilikuwa zinatoa ratili 14,500, yaani kama tani sita na nusu. Lakini ukishaitoa bandani ukaininginiza chini ya bawa, mizani imebaki bandani. Huko angani utapimaje? Inabidi utafute shahidi.

Ni kama daktari wa zahanati. Hawezi kukupasua kifua aangalie moyo unasukuma lita ngapi, anachofanya anakufunga kile kitambaa mkononi, anapuliza, anasoma presha, basi kutokana na presha anajua moyo unaendaje. EPR, kifupi cha Kiingereza cha engine pressure ratio yaani uwiano wa presha za injini, ni hicho kitambaa. Kuna kamrija kadogo kamekaa kwenye pua ya injini, pale mbele katikati kwenye ile koni, kananusa presha ya hewa inayoingia, mafundi tunaita PT2. Na kuna mirija mingine nyuma, baada ya tabaini (yale mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto), karibu na ekzosi, inanusa presha ya hewa inayotoka, PT7. Geji inachukua ya nyuma inagawanya kwa ya mbele, unapata jibu, ndo hiyo namba unayoiona. Siyo tani wala kilo wala kitu chochote, ni mara ngapi. Mshale ukiwa kwenye 2 maana yake presha ya nyuma ni mara mbili ya ile ya mbele.

Sasa injini ikiwa imezimwa, hewa ya mbele na ya nyuma ni hewa ile ile ya uwanjani, presha ile ile. Gawanya kitu kwa chenyewe unapata ngapi? Moja. Ndo maana haurudi sifuri, na siku ukiuona mshale wa injini iliyozimwa unasoma 1.3 hivi, usiiguse hiyo ndege, muite fundi.

Na kabla hujaondoka kwenye swali lako: ile 2 ya Dar na 2 ya Nairobi si mapacha. Uwanja wa Embakasi uko mita 1,624 juu ya bahari, hewa yake nyembamba, presha ya pale ni kama asilimia 82 tu ya ile ya pwani. Mara mbili ya kitu kidogo ni kidogo. Mshale utasimama pale pale lakini msukumo unaoupata mgongoni si ule wa Dar. Kwa hiyo rubani wa zamani hakuwa anasukuma leva ya kuongeza nguvu mpaka roho itosheke, alikuwa na jedwali, anaangalia joto la nje, anaangalia urefu wa uwanja kutoka usawa wa bahari, anaangalia kama eyakondishen na hewa ya kuyeyusha barafu zinavuta hewa kwenye injini, anapata namba yake, mfano 2.04, anazungusha kale kakitufe pembeni ya geji, kanaweka alama ya kukumbushia pale pembeni. Akianza kukimbia anasukuma leva mpaka kama 1.4 hivi kwanza, anaacha injini zitulie zote mbili, halafu ndo anapeleka mpaka kwenye alama, na anatakiwa awe amemaliza kuweka kabla ndege haijakolea mwendo, kabla ya kilomita mia na kumi hivi kwa saa, kwa sababu mwendo ukikolea upepo wenyewe unaanza kuingilia zile presha na utabaki unakimbizana na mshale badala ya kuangalia mbele. Jaribu hivo kwenye simuleta yako utaona inatulia.

SWALI: Fundi habari ya kazi. Mjomba wangu husema kuna ndege iliangukaga Marekani ikaingia mtoni kwa sababu ya geji moja tu kudanganya, na injini zilikuwa nzima. Hii ni kweli ama ni hadithi za baraza? Na ikiwa injini ni nzima itaangukaje? (Msomaji, Likoni, Mombasa)

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na mjomba wako hajaongopa. Ila geji haikuwa peke yake, ngoja nikueleze vizuri maana hiki kisa ndo darasa lenyewe.

Tarehe 13 Januari 1982, uwanja wa National pale Washington, theluji inamwagika, baridi ya nyuzi 4 hivi chini ya sifuri. Boeing 737-200 ya Air Florida inataka kwenda Florida, watu 79 ndani. Uwanja ulifungwa kwa muda wasafishe theluji, ndege ikamwagiwa dawa ya kuyeyusha barafu, halafu ikakaa kwenye foleni, ikakaa, ikakaa, karibu dakika 50 toka dawa imwagwe mpaka inaondoka, na theluji haikuwa imeacha kudondoka. Mabawa yakashika barafu tena.

Sasa kwenye zile injini kuna swichi ya kupeleka hewa ya moto kutoka kwenye kompresa, sehemu ya injini inayobana hewa, kuja mbele, kupasha pua ya injini na kale kamrija nilikokaeleza hapo juu. Kwenye orodha ya ukaguzi marubani walisomeana, walipofika hapo jibu likawa imezimwa. Kwenye theluji ile. Basi kamrija ka mbele kakaziba kwa barafu.

Hapa chukua kalamu. Hizi namba nazichora tu uelewe. Tuseme presha ya mbele ya kweli ni 14.7, na rubani anataka 2.04. Ili apate 2.04 ya kweli, nyuma inatakiwa ifike 30. Lakini mrija umeziba, badala ya kusoma 14.7 unasoma kidogo, tuseme 12.25. Rubani anasukuma leva, nyuma inapanda, inafika 25. Geji inagawanya 25 kwa 12.25, inapata ngapi? 2.04! Mshale umesimama juu ya alama, umependeza, rubani anaacha kusukuma. Ukigawanya 25 kwa ile 14.7 ya kweli unapata 1.70. Na ndo hiyo hiyo wachunguzi walikuja kuikuta baadaye, geji zinasema 2.04 na injini zinatoa 1.70. Zote mbili, kulia na kushoto, kwa sababu baridi haichagui. Na hilo ndo baya zaidi, maana ingeziba moja tu wangeona mishale inapishana.

Wenzake na EPR wapo pale pale chini yake. N1 ambayo ni mwendo wa feni, EGT ambalo ni joto la ekzosi, N2 ambayo ni mwendo wa kompresa ya pili, na mafuta yanayopita. Hizo hazihusiani na kale kamrija, hazina barafu, zilikuwa zinasema kweli. N1 ilikuwa kama asilimia 80 wakati ilitakiwa iwe karibu na 90. Rubani msaidizi ndo alikuwa anarusha, na aliona, sauti iko kwenye kinasa, alisema zaidi ya mara moja wakati wanakimbia kwamba hapa hapako sawa. Kapteni akamwambia pako sawa. Wakaendelea. Walitumia kama sekunde 45 ardhini wakati ilitakiwa kama 30. Ikanyanyuka, ikaanza kutetemeka, haikupanda, ikapiga daraja la 14th Street lenye foleni ya magari na kuzama kwenye mto Potomac uliokuwa na barafu. Kwenye ndege walikufa 74, darajani wanne. Waliopona kwenye ndege ni watano tu.

Unauliza injini nzima itaangukaje. Leva zilikuwa bado zina nafasi mbele! Wachunguzi waliandika hivyo kabisa, nguvu ilikuwepo, ilikuwa inasubiri kuombwa. Lakini hawakuiomba mapema, na mabawa nayo yalikuwa na barafu, vikakutana viwili.

Kitu ambacho mimi binafsi kinaniganda kila nikikumbuka ni jinsi walivyoijua ile 80. Kile kinasa sauti cha kokpiti kilinasa na mlio wa injini, wakauchambua mlio, na kutoka kwenye mlio wakapata feni ilikuwa inazunguka kwa kasi gani. Geji ilidanganyika, maikrofoni haikudanganyika.

SWALI: Kaka fundi, sasa kama hiyo EPR ni ya hivyo si waitoe tu wabaki na N1? Halafu N1 inaandikwa asilimia na nimewahi kuona picha inasoma 102, hiyo mia na mbili inatoka wapi, asilimia si mwisho mia? (Msomaji, Kinondoni)

JIBU: Kuna waliotoa. Watengenezaji wa injini General Electric na wale CFM, kwao N1 ndo mfalme, ukiingia kwenye ndege yenye injini zao hukuti EPR. Wana hoja: injini zao zina feni kubwa mbele, msukumo mwingi unatoka kwenye feni, basi hesabu mizunguko ya feni yatosha. Pratt & Whitney na Rolls-Royce wakashikilia presha. JT8D ni injini nyembamba ya zamani, sehemu kubwa ya msukumo inatokea nyuma kwenye ekzosi, kwa hiyo kupima presha nyuma ina mantiki. Na N1 nayo ina kasoro yake, feni ikiwa imechoka, imeliwa kingo na mchanga, itazunguka kasi ile ile lakini haisukumi kama mpya. EPR ingekuonyesha hilo. Kwa hiyo sio kwamba mmoja ni mkweli na mwingine muongo, ni mashahidi wawili waliosimama sehemu tofauti.

Asilimia: mia ya pale ni namba aliyoichagua mtengenezaji wakati anabuni injini, akasema kasi hii tuiite mia. Baadaye injini inaboreshwa, inaruhusiwa kuzunguka zaidi, hawarudi kubadilisha mia. Mstari mwekundu ndo mwisho, popote ulipochorwa, na mara nyingi umechorwa baada ya mia. Usiichukulie kama asilimia ya mtihani.

SWALI: Habari fundi. Mzee wangu alikuwa anafanya kazi ya ndege zamani, na ana neno lake, "usiamini mshale uliotulia sana." Hajawahi kunielezea, sasa hivi kumbukumbu imemtoka. Alikuwa anamaanisha nini? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Mpe mzee shikamoo yangu, mwambie kuna fundi mwenzake amemuelewa.

Ile EPR ya zamani ilikuwa inahitaji umeme wa ndege. Kuna kifaa karibu na injini kinapokea zile presha mbili, kinazigeuza kuwa ishara ya umeme, zinakuja mbele kwenye geji kuusogeza mshale. Umeme ukikatika, mshale kwenye geji nyingi za namna hiyo haudondoki sifuri ukakuambia jamani nimekufa. Unaganda pale pale ulipokuwa. Ulikuwa 1.8, utakaa 1.8 mpaka kesho, hata injini izime. Geji nyingine zina kibendera kidogo kinachomoza kukuonya, sasa na wewe uwe umekiona. N1 na N2 za wakati ule mara nyingi zilikuwa na kijenereta chao chenyewe kinachozungushwa na injini, kinajizalishia umeme wake, haziombi mtu. Kwa hiyo mshale hai unacheza kidogo, unapumua, na ukiuona umetulia kama picha ukutani, sogeza leva kidogo uone kama unafuata. Naamini ndicho alichokuwa anakisema mzee.

SWALI: Fundi, kwenye video za ndege za zamani naona rubani amesukuma leva moja imepita nyingine, haziko sawa, halafu hajali. Si atakuwa anasukuma injini moja zaidi? (Msomaji, Thika)

JIBU: Hapana, anafanya sawa kabisa. Leva za zamani zimeunganishwa na injini kwa waya wa chuma unaopita kwenye kapi nyingi njia nzima, waya unalegea, na kidhibiti cha mafuta cha kila injini kina tabia yake, hakuna injini mbili zinazofanana mpaka kwenye kucha. Rubani analinganisha mishale, leva zikae zitakavyokaa. Tofauti ya nusu ya kitasa cha leva ni kawaida tu, wala haiandikwi kitabuni.

Ikizidi hapo ndo tunaitwa. Niliwahi kukutana na moja miaka hiyo, marubani wameandika mara tatu kwamba leva ya kulia inakwenda mbele sana kufuata EPR ya kushoto. Wa kwanza kabla yangu alikaza waya, wa pili akakaza tena. Usiku tukaitoa nje tukaiwasha, nikakaa kiti cha kulia na tochi, nikawa siangalii EPR, naangalia za chini. EPR ziko sawa kama mapacha, lakini EGT ya kulia iko juu, mafuta ya kulia yako juu, N1 ya kulia iko juu. Yaani injini ya kulia inafanya kazi kubwa kuliko mwenzie na geji inasema wako sawa! Ni kinyume cha ile ya Potomac, pale geji ilisifia, hapa geji inabania. Asubuhi tukafungua maganda ya injini, tukapuliza hewa kwenye bomba la PT7 na kupaka povu la sabuni kwenye maungio moja baada ya jingine, mpaka kwenye nati moja nyuma kabisa ambayo mkono hauingii vizuri, kapovu kakaota kadogo kama punje ya mtama, kakapasuka, kakaota kengine. Presha ya nyuma ilikuwa inavuja pale, geji inasoma pungufu, rubani anasukuma kufidia. Nati ikakazwa robo mzunguko. Waya wa leva tukaulegeza turudishe walipokuwa wameukaza wale wawili.

SWALI: Mimi swali fupi, hizi geji bado zipo ama zimeisha? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Zinaisha. Boeing 767 na 757 zilipoingia kazini 1982 na 1983 zilikuja na skrini, na 747 za mwanzo zilikuwa na geji za utepe unaopanda na kushuka wima badala ya mshale wa duara. EPR yenyewe haijafa, iko ndani ya skrini kwa injini zinazoitumia, na kompyuta inalinganisha yenyewe. Ila JT8D ni ngumu kufa, ukiona 737 yenye injini ndefu nyembamba kama biri, inalia mpaka vikombe vinagongana kabatini, jua ndani kuna saa.

Maswali ya tairi za ndege nimeyaweka pembeni, tutaonana nayo toleo lijalo. Na yule aliyeuliza kama rubani anaweza kupiga honi, tafadhali andika tena, barua yako imeingia chai.